Darasa la Tano: "kadiria hadi maelfu yaliyo karibu" imenishinda, naomba msaada

kando_ya_ziwa aliuliza:

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano kwenye shule ya msingi ya serikali huku Mkoa wa Mwanza. Mkondo mmoja, watoto 94. Wiki ya pili sasa nipo kwenye kukadiria namba kubwa, na nimenasa kama mtumbwi kwenye magugu maji.

Ijumaa nilitoa zoezi la maswali matano. La kwanza: kadiria 62,413 hadi maelfu yaliyo karibu. Jibu ni 62,000. Kati ya madaftari 94 niliyosahihisha, yenye 62,000 yalikuwa 31. Wengi wa waliokosa wameandika 61,000. Wachache wameandika 62,400, na hao angalau naona walikopotelea. Mmoja kaandika 65,000. Nikamwita mezani, nikamuuliza umepataje hii, akanijibu bila wasiwasi wowote: "Mwalimu, si umesema tukadirie? Nimekadiria."

Swali la tano ndilo lililonimaliza. Nilichukua idadi ya watu wa mkoa wetu kwenye sensa ya 2022, yaani 3,699,872, nikidhani nawaletea kitu cha nyumbani. Sensa yenyewe wanaikumbuka. Walikuwa wadogo, ila karani aliyepita na kishikwambi hawajamsahau. Nikawaambia wakadirie hadi maelfu yaliyo karibu. Binti mmoja wa dawati la mbele, tena mwenye akili nzuri tu, kaniletea 36,910,000. Mkoa mmoja umemeza zaidi ya nusu ya Tanzania!

Ubaoni nimeandika kanuni ileile niliyofundishwa mimi: tazama tarakimu ya kulia, ikiwa ni 5 au zaidi, ongeza 1, ikiwa ni chini ya 5, punguza. Wanaiimba kama kwaya. Sasa nasikia watu wanasema fundisha kwa vitendo. Vitendo gani, na namba zenyewe ni za malaki na mamilioni? Siwezi kuwahesabisha maharage milioni tatu. Na hao 94 nikiwatoa nje, mwalimu mkuu atadhani kengele ya mapumziko imelia. Mwenye uzoefu anisaidie.


chaki_tu alijibu:

Mwalimu, usijichoshe. Chumba cha mtihani hakina maharage wala vitendo. Wape kanuni, wape maswali ishirini kila siku, wapige mstari chini ya nafasi wanayotakiwa, wazungushie duara tarakimu ya kulia kwake, kazi imeisha. Mimi mwaka jana mada hii niliimaliza kwa vipindi vitatu. Sisi wenyewe tulifundishwa hivyo na tumefika hapa.


bibi_wa_katani alijibu:

Marahaba kwa mtakaoniamkia, na wengine habari zenu. Nilistaafu 2019 baada ya miaka 36 ya chaki. Nipo Korogwe na mbuzi wanne, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Mwanangu wa kando ya ziwa, rudi kaisome kanuni yako polepole. "Ikiwa ni chini ya 5, punguza." Mtoto ameangalia 4, ameona ni chini ya 5, akapunguza. 62 ikawa 61. Hajakosea huyo, amekutii. Nusu ya darasa lako imekutii na wewe umewapiga mkasi. Mimi neno "punguza" nililifuta ubaoni mwaka wangu wa saba kazini, baada ya kusahihisha 61,000 za kutosha kujaza gunia. Mahali pake niliweka "baki palepale". Jaribu hilo tu kwanza, hata kabla ya kamba nitakayokueleza, uone.

Neno la pili linalokusaliti ni hilohilo "kadiria". Nyumbani mama anamwambia mtoto kadiria chumvi, kadiria maji ya ugali. Kukadiria kwake ni kutumia jicho na mkono, na hakuna jibu moja. Akija shuleni tunamwambia kadiria, kisha tunataka jibu moja tu, tofauti na hapo ni mkasi. Yule wa 65,000 alikuwa na haki yake kabisa. Siku ya kwanza ya mada mimi nilikuwa siwaambii "kadiria". Nilikuwa nasema: hii namba imekwama njiani, kituo cha karibu ni kipi? Neno la kitabuni nililileta siku ya tatu, wakiwa wameshajua linataka nini.

Sasa kamba. Huku kwetu kamba ya katani ni kitu cha kuokota, mashamba ya mkonge yametuzunguka. Chukua kamba ndefu, ipige mafundo kumi na moja yaliyo sawa kwa sawa, hatua moja ya mtu mzima kati ya fundo na fundo. Zinakuwa nafasi kumi. Fundo la katikati, la sita ukihesabu toka upande wowote, lifunge kitambaa chekundu. Itandike chini uwanjani, kivulini. Kila ncha iwe na kipande cha boksi kilichoandikwa namba kubwa ya mkaa. Hivyo ndivyo vituo.

Namba niliyoipenda ni 347,218. Naieleza yote kwa sababu hiyo moja inabeba mada nzima.

Ncha moja andika 340,000, ncha ya pili 350,000. Mpe mtoto kadi ya 347,218 umwambie akasimame mahali pake. Wewe nyamaza. Kila fundo hapo ni elfu moja, kwa hiyo atahesabu 341, 342... na wenzake watampigia kelele asogee. Atafika fundo la 347,000 na kupita kidogo. Ukimuuliza kituo kipi kipo karibu, hahitaji kanuni, anakiona kwa macho. Anatembea kwenda 350,000.

Hapo usiifunge kamba. Mwache mtoto na kadi yake ileile, badilisha vile vipande vya boksi tu: huku 300,000, kule 400,000. Sasa kila fundo ni elfu kumi. Mwambie akatafute tena mahali pake. Atashangaa mwenyewe, maana sasa amesimama kabla ya kitambaa chekundu, na kituo cha karibu ni 300,000. Namba ile iliyokwenda mbele dakika tano zilizopita sasa inarudi nyuma! Nilikuwa nasubiri hiyo sekunde kila mwaka. Uso wa mtoto unakunjamana kwanza, ndipo unafunguka.

Na hapo ndipo unamkamata mjanja. Kila darasa lina mjanja atakayesema, "Mwalimu, tumeshapata 350,000, na tarakimu ni 5, kwa hiyo ni 400,000." Usimkatalie kwa mdomo. Mwambie amsogeze mwenzake hadi 400,000 halafu ahesabu mafundo aliyoruka. Anajionea kwamba amekadiria kitu kilichokwisha kukadiriwa. Makadirio yanaanza kwenye namba ya asili kila mara, siyo kwenye jibu la swali lililopita. Hili chaki_tu hutalipata kwenye mstari na duara, kwa sababu mstari na duara hata juu ya 350,000 vinachoreka vizuri tu.

Halafu ile ya katikati. Mwaka mmoja, vituo vikiwa 340,000 na 350,000, nilimpa mvulana 345,000 kamili. Akaenda akasimama juu ya kitambaa chekundu. Wa upande huu wanamwita njoo, wa upande ule wanamwita njoo. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwalimu, kote ni sawa." Nikamwambia ndiyo, kote ni sawa, umesema kweli mbele ya watu. Ndiyo maana ikabidi watu wakubaliane, na shuleni tumekubaliana anakwenda mbele, kama tulivyokubaliana magari yapite kushoto. Ukimpa mwenzake 345,001 hakuna haja ya makubaliano yoyote, huyo ameshavuka. Mtoto akilielewa hili, ile 5 inaacha kuwa uchawi.

Haya, 36,910,000. Hapo kamba haisaidii sana, hapo unataka abakasi. Kibao, spoku saba za baiskeli, vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari. Sheria ni moja: spoku moja haikai vizibo kumi. Vikifika kumi vinatoka vyote, na kimoja kinapanda spoku ya kushoto. Binti yako alifika kwenye elfu akakuta 9, akaongeza 1, akapata 10, akaiandika yote kumi pale pale. Ndiyo maana namba imerefuka. Mpe vizibo. Elfu zikifika kumi zinatoka, kimoja kinakwenda makumi elfu. Huko nako anakuta tisa, zinakuwa kumi, zinatoka, kimoja kinakwenda kwenye malaki, sita inakuwa saba. 3,700,000. Baada ya hapo mwambie aikadirie tena 3,699,872 hadi makumi elfu, halafu hadi malaki. Atapata 3,700,000 mara zote tatu na atakuja kukushtaki kwamba unamchezea. Umechagua namba ngumu kweli ya kuanzia, lakini sasa usiiache.

Kuhusu wingi wao: usiwatoe wote. Nusu wabaki ndani na abakasi na kiranja mkali, nusu nje kwenye kamba nne, kumi na mbili hivi kila kamba. Mmoja anashika kadi, waliobaki ni waamuzi. Kipindi kinachofuata mnabadilishana. Na mwalimu mkuu mwonyeshe andalio la somo asubuhi, kabla hajatoka ofisini kuuliza.


saruji_na_nondo alijibu:

Mimi si mwalimu, nina duka la vifaa vya ujenzi, nimepita tu nikavutiwa. Naomba mwafundishe watoto na upande wa pili wa jambo hili. Nilikuwa na kijana dukani, kamaliza shule na hesabu zake safi. Mteja kaagiza tofali 12,340, gari letu linabeba 1,000 kwa safari. Kijana kapiga makadirio yake ya maelfu yaliyo karibu, kaandika safari 12, kamtoza mteja mafuta ya safari 12. Tofali 340 zimebaki uwanjani, fundi amekaa juu ya jukwaa anasubiri, mteja ananipigia simu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa. Safari ya 13 nililipa mimi.

Kwa tofali, mabati, saruji, hakuna cha "karibu". Ni kwenda juu tu, hata ikizidi moja.


bibi_wa_katani alijibu:

Mwenye duka amesema kitu ambacho mtihani haukisemi. Ongeza na hii: mwenye pesa za mchango kwenye kibubu anakwenda chini siku zote. Una 47,900, nauli ya basi la ziara ni 10,000 kwa kila mtoto, umepata watoto wanne. Hata kama 47,900 ipo karibu na 50,000, kondakta hatamchukua wa tano kwa makadirio. Ila kando_ya_ziwa, hili waletee wiki ya mwisho. Ukiwachanganyia sasa watasema Hisabati ina maneno mawili mdomoni.


chaki_tu alijibu:

Shikamoo bibi. Ile ya "punguza" nimekubali, nimekwenda kuangalia madaftari ya darasa langu na kweli zipo. Nilikuwa nadhani ni uzembe wao. Kamba bado sijashawishika. Vipindi vyangu ni vya dakika 40 na mada zipo nyingi.


bibi_wa_katani alijibu:

Marahaba. Dakika 40 zinatosha kamba moja na namba mbili. Usijaribu tatu.


kando_ya_ziwa alijibu:

Shikamoo bibi, na asanteni wote. Narudi baada ya siku tisa kutoa ripoti.

Katani huku hakuna, nimetumia kamba za nyavu. Baba wa mmoja wa watoto ni mvuvi, akanipa vipande vya zamani vinavyonuka dagaa mpaka leo mikono yangu inanuka. Mafundo nilifunga usiku na mume wangu, naye akawa anauliza hii ni kazi ya shule au tunahamia mwaloni kwa wavuvi. Siku ya kwanza upepo wa ziwani ulibeba vituo vyote, 340,000 ikaishia kwenye shamba la mihogo la jirani. Siku ya pili nikaweka mawe juu ya maboksi.

"Baki palepale" imefanya kazi kubwa kuliko kila kitu, nakiri. Nilirudia swali lile la 62,413 kwa waliokuwepo, 88, wamepata 71. Hakuna aliyeandika 65,000. Yule kijana wangu wa "nimekadiria" sasa ndiye mwamuzi mkali kuliko wote kwenye kamba. Anapima kwa unyayo, kisigino kwa kidole, na hataki mtu asimame nusu fundo mbele ya haki yake.

347,218 imekwenda kama ulivyosema, hadi ule mkunjo wa uso. Mjanja wangu alikuwa msichana. Alimsukuma mwenzake hadi 400,000 kwa nguvu, akarudi akihesabu mafundo, alipofika la tano akasimama akasema, "Ah." Basi. Ila sikudanganyi, kwenye zoezi bado 12 wameandika 400,000, na nadhani kosa ni langu kwa kuweka swali la makumi elfu na la malaki yakifuatana kwenye ubao. Wanavuta jibu la juu. Wiki ijayo nitayatenganisha.

Yule wa 36,910,000 nilimkalisha na abakasi peke yake wakati wa mapumziko. Alipofika kwenye zile tisa mbili alizitoa za kwanza, akapandisha, akakuta nazo zimejaa, akanitazama, akazitoa, akapandisha. Akasema, "Mwalimu, kumbe zinaangukiana." Sasa darasa zima wanaziita "tisa za kuangukiana". Wanazitafuta kwenye kila namba wanayoiona, hata kwenye vocha za simu.

Jambo moja limenishinda kujibu. Jana nilitumia Dar es Salaam, 5,383,728. Kwa malaki wakapata 5,400,000, kwa mamilioni 5,000,000. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye hata mkono huwa hanyooshi, akauliza: "Mwalimu, hao laki tatu na ushee wameenda wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu shangazi yake anakaa huko Mbagala na nadhani alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia nitamjibu kesho.


bibi_wa_katani alijibu:

Hawajaenda popote, wapo wanakula chakula chao cha jioni. Mwambie hivyo kwanza, ili moyo wake utulie. Kisha muulize yeye: mtangazaji wa redio akisema Dar ina watu milioni tano, kuna ubaya? Na anayeagiza chanjo akitumia hiyohiyo milioni tano, shangazi wa Mbagala atapata sindano? Mwache ajibu mwenyewe mbele ya wale waliomcheka. Na wewe usiingilie, hata akichukua muda.


kando_ya_ziwa alijibu:

Kesho kipindi cha pili. Kamba nimeziacha kwa mlinzi, maana leo nimekuta watoto wa la Pili wameshaichukua moja wanairukia, kitambaa chekundu amejifunga mmoja kichwani.